Umeumia kazini? Majibu kuhusu ED, kazi nyepesi, likizo ya ugonjwa na fidia

Maswali haya nayapokea kila wiki. Mengine yanakuja kwa simu usiku, mengine mtu ananivuta pembeni getini wakati wa kubadilishana shifti, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Mimi ni mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilikuwa opereta wa mashine. Si wakili. Ninachokijua nimekipata kwa kuwasindikiza wenzangu hospitali na kwenye ofisi za fidia, na kwa kukaa na sheria zenyewe jioni nikizisoma kifungu kwa kifungu. Majibu haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na fidia.

Utaona jambo moja linajirudia. Wengi waliokosa haki zao niliowaona hawakukosa kwa sababu sheria haiwatambui. Walikosa kwa sababu wiki ya kwanza ilipita na hakuna kilichoandikwa.

Nimeumia sasa hivi. Nianze na lipi?

Matibabu. Hakuna fomu inayotangulia damu.

Ila kabla hujatoka, kama unaweza kusema, mwambie msimamizi wako mbele ya mtu mwingine anayesikia. Kama huwezi, mwenzako akusemee. Halafu yeyote kati yenu atume ujumbe kwenye simu ya msimamizi, mfupi tu, siku hiyohiyo. Huu ndio mfano ninaowapa watu: "Leo saa 4:20 asubuhi, mashine namba 3, roli limenibana vidole viwili vya mkono wa kulia nikiondoa plastiki iliyokwama. Juma na Mwanaidi wameona. Napelekwa hospitali." Saa, mahali, kiungo kilichoumia, ulikuwa unafanya nini, nani ameona. Ujumbe huo unakaa kwenye simu na tarehe yake, na hakuna atakayesema baadaye kwamba hakuambiwa.

Ukishatulia, uliza kama ajali imeingizwa kwenye daftari la ajali la kampuni. Omba uione, usiishie kuambiwa "imeandikwa".

Daktari akiniuliza nimeumiaje, niseme nini?

Sema ukweli wote: umeumia kazini, na jinsi ilivyotokea.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kijana mmoja wa idara yetu. Mashine ilimponda vidole. Aliyempeleka hospitali alikuwa msimamizi wake, na ndani ya gari alimwambia, "Tusilete mambo mengi, sema umeanguka." Kijana alikuwa na maumivu, ana hofu ya kupoteza kibarua, akasema ameanguka nyumbani. Daktari akaandika hivyohivyo kwenye faili. Miezi mitatu baadaye vidole vimekakamaa, hawezi kushika hata ufunguo, na faili linasema ameangukia nyumbani. Kilichomwokoa ni daftari la mlinzi getini: lilionyesha gari limetoka saa tano kasoro asubuhi, siku ya kazi, na jina lake limeandikwa kwamba ametoka akiwa majeruhi. Mlinzi yule aliandika neno moja tu la ziada, "majeruhi", na neno hilo likasimama badala ya shahidi. Usitegemee bahati kama hiyo.

Nahitaji PF3?

Kama ni ajali ya barabarani ukiwa kazini (dereva, utingo, mpeleka mizigo wa bodaboda), au umeshambuliwa (mlinzi, mhudumu wa baa, keshia), pitia polisi upate PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, kwa sababu kuna jambo la jinai au la usalama barabarani ndani yake. Kwa kubanwa na mashine au kuteleza stoo, msingi wa madai yako ni taarifa ya mwajiri na karatasi za hospitali. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali kwanza. Ndugu au mwenzako atafuatilia polisi.

Mwajiri anatakiwa kufanya nini, na ndani ya muda gani?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule tunaouita WCF. Mfuko ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Mwajiri akishapata habari za ajali ana siku 7 za kuiripoti kwa Mfuko. Kwa ugonjwa unaotokana na kazi ana siku 14.

Michango ya Mfuko huu inatoka kwa mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hachangii hata senti. Ukiona kwenye slipu yako ya mshahara kuna makato yameandikwa WCF, hayo si halali. Chukua slipu hiyo uilete kwa mwakilishi wako au uipeleke Mfuko wenyewe.

Lakini nilikosea mwenyewe. Niliingiza mkono mashine ikiwa inazunguka.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kabisa, na wengi wanalibeba kimyakimya miezi mingi. Sikiliza: fidia ya Mfuko haijengwi juu ya nani alikosea. Huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mwajiri, na kosa la kawaida la kibinadamu halikuondolei haki. Mambo hubadilika pale penye utovu mkubwa wa makusudi, kama mtu aliyekuja amelewa, na hapo maelezo yanahitajika zaidi.

Mimi huuliza swali lingine: kwa nini mkono ulifika pale? Mara nyingi utakuta kizuizi cha mashine kiliondolewa ili kazi iende haraka, au idadi ya mzigo wa shifti imewekwa juu kiasi kwamba ukizima mashine kila inapokwama hufikishi. Hayo nayo yaandikwe kwenye maelezo yako.

Mimi ni kibarua, nina siku ya tatu tu. Nahusika?

Ndiyo. Ukiwa unafanya kazi ya biashara ya mwajiri, kinga ya Mfuko inaanza siku ya kwanza. Haiulizi una mkataba wa maandishi au huna. Ugumu wa kibarua ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Kwa hiyo tunza chochote: picha ya daftari la mahudhurio, ujumbe wa kuitwa kazini, muamala wa malipo kwenye simu, kadi ya getini. Kama umeletwa na wakala wa ajira, andika jina la wakala na jina la kampuni ulikokuwa unafanyia kazi, yote mawili.

ED ni nini hasa, na inatakiwa iweje?

ED ni ile karatasi ya daktari inayokupumzisha kazi kwa siku maalumu. Watu wanaichukulia kama ruhusa ya kulala nyumbani. Ni zaidi ya hapo: ndiyo inayogeuza siku zako za kutokuwepo kutoka utoro kuwa haki.

Angalia vitu hivi kabla hujatoka dirishani: jina lako kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina na sahihi ya daktari, muhuri wa kituo. Muhuri ukiwa umefifia, rudi ukagongewe tena. Ipige picha palepale. Ukiipeleka kazini, toa nakala, na nakala yako iandikwe "imepokelewa" na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Kama huwezi kutembea, mtume mtu na utume picha kwa wasapu kwa msimamizi na kwa ofisi ya utumishi.

Kinachowaponza wengi ni mwanya katikati. ED imeisha Ijumaa, kliniki ni Jumanne, na Jumatatu haina karatasi. Jumatatu hiyo inaandikwa utoro. Rudi kwa daktari kabla siku hazijaisha.

Nikiwa kwenye ED nalipwa? Nalipwa na nani?

Hapa kuna sheria mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotoa likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Inahitaji cheti cha daktari, na kwa kawaida inamhusu aliyefikisha miezi sita kazini. Inahusu ugonjwa wowote, malaria au mguu uliovunjika kwenye mpira wa mtaani.

Ya pili ni ile ya fidia. Kama kuumia kumetokana na kazi na huwezi kufanya kazi kwa muda, Mfuko unalipa asilimia 70 ya kipato chako, na malipo hayo yanaweza kwenda hadi miezi 24. Mtu wa mshahara wa shilingi 400,000 anahesabiwa 280,000 kwa mwezi. Juu ya hapo Mfuko unagharamia matibabu, kwa hiyo tunza kila risiti, hata ya dawa za duka la nje ulizoandikiwa na hospitali.

Hulipwi mara mbili kwa siku zilezile: sheria ya ajira inasema mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa kama mfanyakazi anastahili malipo hayo kwa sheria nyingine au mfuko. Ndiyo maana ni muhimu mwajiri aripoti mapema. Asiporipoti, unajikuta katikati, huyu anasema subiri Mfuko, na Mfuko haujui hata kama umeumia.

Wamenikata siku za ED kwenye likizo yangu ya mwaka. Ni sawa?

Si sawa. Siku 28 za likizo ya mwaka ni za kupumzika, siku za kuuguza jeraha zina hesabu yake. Andika barua fupi kuomba marekebisho, ambatanisha nakala za ED.

"Kazi nyepesi" ni kazi gani?

Hili ndilo swali ninaloombwa kulijibu kuliko yote, na ndilo lenye maumivu mengi yasiyo ya lazima.

Daktari akiandika "apewe kazi nyepesi" na kuishia hapo, ameacha uamuzi mikononi mwa msimamizi. Na msimamizi wa stoo ya saruji, anayeona watu wakibeba mifuko ya kilo 50 kutwa nzima, kwake mfuko wa kilo 25 ni mwepesi. Hana ubaya, anapima kwa macho yake. Kwa hiyo mwombe daktari aandike mipaka: asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa, asisimame zaidi ya muda fulani mfululizo, asiinue mkono juu ya bega, asipande ngazi, asitumie mashine inayotetemesha, asifanye shifti ya usiku kwa sababu ya dawa anazotumia. Na mipaka hiyo iwe mpaka lini.

Ili daktari aandike vizuri, lazima ajue unafanya nini. Usimwambie "mimi ni wa packing". Mwambie: nasimama kwa muda wa saa nane, nageuka kushoto na kulia, kila boksi lina kilo 12, napanga mpaka urefu wa kichwa. Mwonyeshe kwa mikono ikibidi.

Nikupe mfano wa mama mmoja tuliyefanya naye kazi. Bega la kulia lilichanika msuli, akarudi na karatasi ya kazi nyepesi, akapewa ufagio. Kufagia, nani hasemi ni kazi nyepesi? Siku ya tatu alikuja kwangu machozi yanamlengalenga. Nilikwenda kumtazama akifagia. Kila mvuto wa ufagio ulianzia kwenye bega lilelile. Alikuwa ameanza kuubana mpini kwapani ili bega lisisogee, na anageuza kiuno kizima badala ya mkono. Tulikaa na msimamizi, tukazunguka naye idara nzima tukiuliza kila sehemu: hapa bega linafanya nini? Tulipata kazi ya kubandika lebo ukiwa umekaa. Hata hapo meza ilikuwa juu mno, viwiko vyake vikawa vinaning'inia. Fundi akaweka kreti mbili chini ya kiti, akainuka, mikono ikatulia mezani. Kreti mbili tu. Alifanya kazi ile wiki sita na akarudi kwenye nafasi yake.

Ndiyo maana nasema kazi nyepesi haipimwi kwa jina la kazi. Inapimwa kwa kiungo kilichoumia.

Je, mwajiri analazimika kunipa kazi nyepesi?

Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa chini ya sheria ya ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri mwenye mfanyakazi aliyepungukiwa uwezo kwa ugonjwa au jeraha achunguze kwanza: hali hii ni ya muda au ya kudumu, itachukua muda gani, kuna kazi mbadala, au kazi yake inaweza kurekebishwa? Na jeraha likiwa limetokana na kazi yenyewe, anatakiwa ajitahidi zaidi. Hakuna anayemlazimisha kuunda cheo kisichokuwepo. Lakini hawezi kusema "hapa hakuna kazi nyepesi" bila kutafuta, na wewe unayo haki ya kuuliza ametafuta wapi.

Mimi hupendekeza uende na pendekezo lako mkononi. Wewe unaijua idara yako kuliko ofisi. Andika kazi mbili tatu unazoona unaziweza ndani ya mipaka ya daktari. Inabadilisha kikao kizima.

Nina ED, lakini msimamizi anasema "wewe njoo tu, utakaa".

Usiende. ED ni agizo la daktari, na msimamizi hana mamlaka ya kulibadilisha. Kama daktari angeona unaweza kukaa kazini angeandika kazi nyepesi.

Naijua sababu mojawapo ya maneno hayo. Viwanda vingi vina ubao getini unaohesabu siku zilizopita bila ajali iliyomlaza mtu nyumbani, na idara zinapongezwa kwa namba hiyo. Nimemwona mtu ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo kutwa, mguu umevimba na umeinuliwa juu ya ndoo, ili namba ya ubaoni isirudi sifuri. Mguu ule ulihitaji kitanda. Ukiombwa hivyo, jibu kwa ujumbe wa maandishi, kwa adabu: "Nimepumzishwa na daktari hadi tarehe fulani, nakala niliileta ofisini. Nitarudi kliniki siku hiyo."

Naweza kukataa kazi nyepesi niliyopewa?

Kama inavuka mipaka ya daktari, ndiyo. Sema kwa nini, onyesha karatasi, na endelea kuwepo kazini ukisubiri jibu.

Kama iko ndani ya mipaka, ila huipendi au unaona inakushusha hadhi mbele ya wenzako, fikiri mara mbili. Fundi mwandamizi kukaa getini anaandika magari, najua inauma. Lakini sheria inasema anayeachishwa kwa kukosa uwezo anastahili kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, na anaweza kukikosa akikataa kazi mbadala bila sababu ya msingi.

Kwenye kazi nyepesi mshahara unapungua?

Mwajiri hawezi kuushusha peke yake. Mabadiliko ya masharti ya mkataba yanahitaji mashauriano nawe, na makato yana vifungu vyake. Kinachopungua mara nyingi ni ovataimu na posho ya shifti kwa kuwa hufanyi tena. Uliza hilo mapema, lijulikane kabla ya tarehe ya mshahara, na usisaini mkataba mpya wa cheo cha chini kwa haraka eti "ni wa muda". Kama ni wa muda, tarehe ya mwisho iandikwe humo.

Nimerudi kazini na maumivu yamezidi.

Simamisha kazi, mwambie msimamizi, rudi kwa daktari yuleyule aliyekuhudumia mwanzo ili aandike kwamba ni jeraha lilelile. Usilifungulie faili jipya kama kwamba limeanza leo.

Naogopa kuisogelea ile mashine.

Mwili umepona, lakini ukisikia mlio wake moyo unakwenda mbio, usiku unaota. Hilo ni jeraha pia, wala halihusiani na uoga wa asili. Mwambie daktari kama unavyomwambia kuhusu mkono. Kurudi polepole kunasaidia: siku za mwanzo simama na mwenzako, mashine ikiwa imezimwa, kagua kizuizi kimerudishwa, halafu ndipo iwashwe. Na kama kizuizi hakijarudishwa, hofu yako ina haki kabisa. Usimamizi wa usalama mahali pa kazi uko chini ya OSHA, wakala wa serikali, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na unaweza kuwapelekea taarifa.

Wanaweza kunifukuza kwa sababu nimeumia?

Kuumia kwenyewe si sababu halali ya kukufukuza, wala kudai fidia. Mwajiri anaweza kufikia kusitisha ajira kwa kukosa uwezo, ila baada ya uchunguzi ule niliousema, ushauri wa daktari, na kikao ambacho unasikilizwa ukiwa na mwakilishi wako. Akiruka hatua hizo, unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Kifungu cha kuachishwa isivyo halali kinawahusu waliofikisha miezi sita kazini.

Siku 30 zinakwisha haraka mtu akiwa anazungushwa "njoo Jumatatu, bosi kasafiri". Fungua shauri huku ukiendelea kuzungumza nao. Usuluhishi ni hatua ya kwanza huko pia, hakuna kilichovunjika. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa.

Sitapona sawasawa. Itakuwaje?

Tathmini ya ulemavu wa kudumu hufanywa hali ikishatulia, matibabu yakiwa yamefika mwisho wa kile yanachoweza kuleta. Daktari anatoa asilimia. Ikiwa haizidi 30, malipo yanakuja kwa mkupuo. Ikizidi, inakuwa pensheni ya kila mwezi. Kuna pia msaada wa utengamao, yaani wa kukurudishia uwezo, na posho ya msaidizi kwa anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Usipoafiki uamuzi wa Mfuko, omba mapitio kwa maandishi kwa Mkurugenzi Mkuu, ukiambatanisha maoni ya daktari mwingine kama unayo.

Sikuumia siku moja. Masikio yamekuwa yanazima kidogokidogo.

Ugonjwa utokanao na kazi unafidiwa kama ajali. Vumbi la mawe kwa wachimbaji na wapasua kokoto, vumbi la pamba kwenye vinu vya kuchambulia, vumbi la katani, kelele za mitambo, kemikali za ngozi. Tatizo ni kwamba ugonjwa huu hauna siku wala shahidi. Andika historia yako ya kazi: mwaka hadi mwaka, idara, mashine, ulipewa vifaa kinga gani na lini. Kama ulipimwa afya ulipoajiriwa, omba nakala ya majibu yale. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha leo ndiyo itakayosema.

Mwajiri anataka tumalizane kwa laki mbili, nisaini kwamba sidai tena.

Usisaini. Akitaka kukusaidia pesa ya matibabu au chakula, pokea na umshukuru, mwandikie kwamba umepokea msaada. Haki ya fidia isiingizwe kwenye karatasi hiyo. Leo hujui kidole kitaishia wapi.

Mwajiri hajajisajili WCF.

Kutojisajili ni kosa lake kisheria, si lako. Nenda Mfuko mwenyewe na ushahidi wako wa ajira na wa ajali.

Mume wangu amefariki kazini. Nani anadai?

Pole sana, dada. Fidia ipo kwa wategemezi: mjane au mgane, watoto, na wengine waliomtegemea, pamoja na gharama za mazishi. Kusanyeni cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya serikali ya mtaa. Kama ndoa ilikuwa ya kimila au ya msikitini na cheti hakipo, anza kufuatilia mapema kwa viongozi walioifungisha. Jirani au ndugu mmoja awe ndiye wa kufuatilia nawe, usiende peke yako wiki za mwanzo.

Imepita miezi minane, sikudai chochote. Nimechelewa?

Bado. Madai yanatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Wiki hii nenda hospitali uliyotibiwa, kitengo cha kumbukumbu, uombe muhtasari wa faili lako. Chukua namba ya faili au jina ulilojiandikishia. Watafute waliokuwepo siku ile, kila mmoja aandike alichokiona, aweke sahihi na namba ya simu. Mwandikie mwajiri barua ya taarifa ya ajali, hata kama alijua, ubaki na nakala iliyopokelewa. Halafu upeleke Mfuko seti nzima. Kama unafanya kazi sehemu yenye tawi la chama, TUICO, TPAWU, TAMICO au kingine, mwakilishi ataenda nawe. Mimi huwa nakwenda asubuhi mapema, kabla foleni haijawa ndefu.